Kabla hujaivalisha Toyota bodi ya Ferrari

Toyota MR2 yangu ya 1993 niliinunua hapa Coventry ikiwa inatembea vizuri, na ndani ya wikendi moja niliisimamisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshalipia bodi ya faiba yenye umbo la Ferrari F355, hamu imenipanda, basi nikafungua bampa, boneti, milango, viti, dashibodi mpaka zulia. Jumapili jioni gari lilikuwa juu ya stendi na nati zake zote zimechanganyika kwenye ndoo mbili. Lilikaa hapo miezi kumi na minne. Breki zilishika kutu, betri ikafa, nami nikawa naingia gereji, natazama, natoka.

Ndiyo maana kwa nyinyi mnaoanza nasisitiza hili kuliko yote: gari liendelee kutembea kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Fungua sehemu moja, funga mpya au rudisha ya zamani, liwashe, liendeshe, ndipo uguse nyingine. Nimeona magari mengi ya aina hii yakiuzwa yakiwa nusu, na wenye nayo walikuwa mafundi wazuri tu. Walichokosa ni gari la kuwasha siku ile mkono umechoka.

Uchaguzi wa gari la msingi uanze na mahali injini ilipokaa, kisha vipimo. Bei ije baadaye. F355 ilitengenezwa kati ya 1994 na 1999, injini iko nyuma ya viti. MR2 ya kizazi cha pili nayo injini yake iko hapohapo, ingawa imelazwa kwa upana. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Toyota ina milimita 2,400 na Ferrari 2,450, tofauti ambayo paneli za faiba zinaweza kuificha bila kugusa sakafu. Kwa upana wanaachana zaidi: karibu 1,700 kwa 1,900. Paa nalo, Toyota imeizidi Ferrari kwa takriban sentimita saba, na kwa kuwa kioo cha mbele na paa kwa kawaida hubaki vya Toyota, jicho lililozoea litaligundua gari lako kutoka mbali. Kubali hilo mapema. Kijana mmoja niliyemfahamu alitaka kukata nguzo za paa alishushe. Nilimsihi asifanye, kwa sababu nguzo hizo ndizo zitakazombeba gari likipinduka.

Marekani wenzetu wengi walitumia Pontiac Fiero, iliyotoka kati ya 1984 na 1988. Siri yake ni kwamba paneli za nje ni za plastiki, zimefungwa kwa bolti juu ya fremu ya chuma. Unaweza kuzifungua zote na gari bado likaendeshwa. Mnaona ninakoelekea.

Kabla ya faiba, tengeneza gari. Kagua kutu kwenye matao ya nyuma na chini ya milango, maana ukishafunika hutaiona tena, nayo itaendelea kula. Breki, bushi, shokapu, mipira ya maji, vyote vimalizike ukiwa bado unafikia kila kitu. Kwa MR2 nitawasimamisha kidogo hapa: rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji husafiri kwa mabomba marefu chini ya gari. Ukimwaga maji ukajaza tena kama unavyojaza Corolla, hewa hubaki ndani. Mshale wa joto unaweza kukaa mahali pake huku kichwa cha injini kinaungua. Gari hili lina sehemu za kutolea hewa. Zifungue, jaza polepole, washa hita, subiri mpaka maji yatoke bila mapovu. Saa nzima ya kazi hiyo ni nafuu kuliko gasketi ya silinda hedi.

Ile tofauti ya upana, karibu sentimita kumi kila upande, lazima izibwe na magurudumu, la sivyo matairi yataonekana yamezama ndani ya bodi. Rimu pana zenye kina sahihi ni bora. Spesa, vile vipande vya kusogeza gurudumu nje, zikiwa nene huongeza mzigo kwenye beringi, kwa hiyo ukizitumia ziwe zinazokaa sawasawa kwenye habu na zenye bolti zake, na baada ya safari fupi ya kwanza rudi ukazikaze upya kwa spana ya vipimo.

Sasa faiba. Mjomba wangu Mombasa ametengeneza boti za faiba tangu mimi mtoto, na kila nilipokwama nilimpigia. Mara ya kwanza nilimweleza kwamba rezini, ule utomvu unaogandisha nyuzi za faiba, imekaa siku mbili bado inanata. Hakuuliza aina wala kampuni.

"Hapo gereji joto ni ngapi, mwanangu?"

"Nane, mjomba."

"Basi hiyo si kazi ya leo. Pasha chumba kwanza."

Alikuwa sahihi. Rezini ya poliesta inataka angalau nyuzi 15, na karibu na 20 ndipo inapokaa vizuri. Hadena, dawa inayoifanya igande, ni sehemu moja hadi mbili kwa mia ya uzito wa rezini. Mchana wa Mombasa yeye huipunguza, kwa sababu kopo linaweza kutoa moshi mkononi kabla hujamaliza kupaka. Mimi wa baridi nilifikiri niiongeze. Kipande kikawa kikavu na dhaifu, nikakivunja kwa vidole. Pima kwa mizani, usikisie. Vaa barakoa ya mvuke wa kemikali, ile ya vumbi haisaidii. Vaa miwani, maana tone moja la hadena linaharibu jicho moja kwa moja. Na ukinunua kichapusho cha kobalti pekee, kisigusane na hadena hata kidogo kabla ya kuchanganywa na rezini: hulipuka.

Bodi ikifika isipigwe rangi haraka. Iache ijikaze kwa wiki kadhaa mahali pa joto, vinginevyo nyuzi za faiba zitajichora juu ya rangi jua likipiga.

Milango ilinichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote. Ngozi ya faiba hugundishwa juu ya mlango wa Toyota, kwa hiyo mlango wa chuma ufungwe kwanza na ushuke vizuri kwenye kufuli. Nilikata vipande vya kadibodi vya milimita nne, nikavibana kuzunguka mlango wote, nikaiweka ngozi, nikafunga na kufungua labda mara hamsini kabla ya gundi. Mwanya wa juu ulikuwa sawa, wa chini umefunga. Nikipiga msasa chini, wa nyuma unapanuka. Watu hutazama mianya hiyo kabla ya kutazama taa.

Upande wa sheria, soma kabla ya kuwasha grainda. Nilipojenga mimi, Uingereza ilitumia mfumo wa alama: ili gari libaki na namba zake ulihitaji alama nane, na tano kati ya hizo zilitoka kwenye chesisi ambayo haijabadilishwa. Ukikata sakafu ulikuwa unazipoteza, unapelekwa kwenye IVA, ukaguzi wa gari moja moja kabla ya kuruhusiwa barabarani, ambako hata ukali wa kingo za nje hupimwa: mviringo usiopungua milimita 2.5. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo fuata za leo, na kama uko Nairobi au Dar es Salaam waulize wanaosajili magari kwenu kabla ya kununua chochote. Bima nayo waambie kila ulichobadilisha, kwa maandishi na picha.

Nembo ya farasi usiibandike. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa Marekani ilimzuia mtengenezaji wa nakala za Ferrari asiendelee kuziuza, ingawa alidai wanunuzi wake walijua ni nakala. Mwaka 2019 polisi wa Brazili walifunga karakana huko Itajaí iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini bandia za kuuza. Langu nimeliacha na jina lake. Kwenye kadi limeandikwa Toyota, kwenye bima Toyota yenye bodi ya faiba, na siku nikiliuza tangazo litaandikwa hivyohivyo, pamoja na faili la picha za kila hatua tangu siku ya ndoo mbili za nati.