Fedha tulizokatwa zimekwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Niliajiriwa mwaka 1993 na sasa ninakaribia kustaafu. Mkupuo, yaani fedha za kustaafu zinazolipwa kwa mara moja, niliupangia kumalizia nyumba na kununua shamba la mikorosho, lakini wenzangu waliotangulia wanasema kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kimewapunguzia. Fedha tulizokatwa miaka yote hiyo zimekwenda wapi?

JIBU: Mwalimu, malalamiko ya wenzako ni ya haki. Tuchukue mtumishi mwenye miezi 400 kazini na wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000. Kwa kikotoo cha zamani cha PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, angepata mkupuo wa takriban shilingi milioni 68.9 na pensheni ya 370,370 kwa mwezi. Kwa kikotoo cha sasa cha PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, chenye mkupuo wa asilimia 40 kwa waliotoka PSPF na LAPF (uliokuwa mfuko wa serikali za mitaa), anapata takriban milioni 41.4 na pensheni ya 413,793. Anayesema nyongeza hiyo ya pensheni inafidia mkupuo uliopungua hajapiga hesabu, kwa kuwa milioni 27.5 zilizokosekana zingerudi baada ya zaidi ya miaka 50.

Chanzo kikubwa ni cha zamani. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakukatwa mchango, kwani pensheni ilitoka Hazina. PSPF ilipoanza ilibebeshwa pia ile miaka isiyochangiwa, ikiwamo sita yako ya mwanzo, na kwa kuwa Serikali ilichelewa kulipa deni hilo, michango ya walio kazini ndiyo iliyowalipa wastaafu. Mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, pengo hilo lilihamia humo. Mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu zisizo taslimu, yaani hati za ahadi ya kulipa deni baadaye, za shilingi trilioni 2.17, hatua njema, ingawa fedha za hatifungani huingia kadiri zinavyoiva, ilhali mstaafu hulipwa leo. Mchango nao ni asilimia 20 ya mshahara, 5 yako na 15 ya mwajiri, hivyo ajira mpya zikipungua na wastaafu wakiongezeka, mfuko hubanwa. Kwa maoni yangu, deni la mwajiri halikupaswa kuangukia mkupuo wa mwalimu.

Usitoe malipo ya awali ya shamba kwa hesabu ya zamani. Peleka mapema kwenye ofisi ya mfuko barua yako ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini, uhakikishe kwamba miezi yako ya 1993 hadi 1999 imehesabiwa yote.