Mkuu, usitoe hiyo advansi ya kiwanja cha Kibirizi

Simamisha hiyo hela kwanza. Umeandika kwamba unastaafu Ujerumani mwakani, unarudi Kigoma, na dalali amekuonyesha kiwanja Kibirizi hatua 25 kutoka majini. Nimesoma nikakosa usingizi, maana njia hiyo nimeipita.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Niliondoka Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, 1978 kwenda kusoma Uswidi, nikabaki Göteborg. Nilianza na injini za meli, viwanda vya meli vilipofungwa nikahamia kwenye pampu. Maisha yangu yote ni maji. Nikarudi 2015 na pensheni, dalali akanipeleka ufukweni mwezi wa Oktoba. Oktoba, mkuu! Ziwa Tanganyika hupanda kwa mvua hadi kama Mei, kisha hushuka. Alinionyesha mchanga mkavu akaapa kwamba maji hayajawahi kufika pale tangu enzi za babu yake. Mtu mzima, anaapa! Na mpima aliyekuja naye akakaa kimya, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hao wawili sijawasamehe.

Nikajenga. Miaka mitano baadaye ziwa likapanda, na mwaka uliofuata likapanda zaidi. Maji hayakuingia kwa mlangoni. Yalianzia chini: shimo la choo likajaa, choo kikawa kinarudisha. Nikaweka pampu, nikanyonya usiku kucha, asubuhi maji yako palepale, kwa sababu nilikuwa nanyonya ziwa zima. Kisha tofali za chini zikalowa, ukizigusa zinamomonyoka kama andazi kwenye chai. Mke wangu alikaa juu ya kreti la soda akitazama vyura sebuleni, hakusema neno. Milioni 90 za miaka yote ile ya baridi.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua zikizidi mfululizo, maji yanayoingia yanakuwa mengi kuliko yanayotoka, na hakuna ukuta utakaokuokoa. Nenda Ujiji, pale penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley kukutana 1871. Leo ufuko uko mbali na pale, lakini enzi zao maji yalikuwa karibu. Kwa hiyo usipime kutoka maji yalipo leo. Tafuta wazee wavuvi, waulize yalifika wapi miaka ya sitini na yalifika wapi 2021, wakuonyeshe mti au jiwe, ndipo uanze kuhesabu mita 60 zako kutoka hapo.

Uliuliza pia kuhusu kontena la kusafirishia mizigo na bima ya afya, hayo wengine watakujibu. Na uliandika unaogopa kukaa bure ukirudi: usiogope. Kila asubuhi nashuka mwaloni kufundisha vijana kufungua injini za boti, mchana narudi na samaki wangu wa mgebuka mkononi.

Sasa hivi naishi Mwanga tena, mlimani. Njoo Mei, usije Oktoba. Nitakuja na futi kamba, tushuke wote hadi kwenye hicho kiwanja.