Mackinnon ni mwana wa nani? Kusoma majina ya Kiskoti

Swali: Kati ya Mariakani na Voi kuna mji uitwao Mackinnon Road. Naambiwa Mackinnon alikuwa Mskoti. Jina hilo lina maana gani? Na ni kweli kwamba Mac ni ya Waskoti na Mc ni ya Waayalandi?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na hilo la pili, kwa kuwa limepotosha wengi. Si kweli. *Mac* ni neno la Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti na Waayalandi, lenye maana ya mwana, na linatumika Uskoti na Ayalandi vilevile. Kazi yake ni ileile ya "bin" tuliyoizoea pwani. Mc ni ufupisho wa makarani tu. Wengine waliandika hata M'. Kwa hiyo ukisaka jina katika kumbukumbu za Uskoti, jaribu tahajia zote, wala usihangaike na herufi kubwa ya katikati, haibadilishi maana. Mwanamke kwa Kigaeli hawi Mac, huwa *Nic*, yaani binti: kaka ni MacDhòmhnaill, dada ni NicDhòmhnaill. Kwa Kiingereza wote wawili ni MacDonald.

Sasa Mackinnon. Barabara iliyoanza kujengwa 1890 kutoka pwani kwenda bara ilipewa jina la William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown na mwenyekiti wa kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kutawala Afrika Mashariki mwaka 1888. Kosa la kawaida ni kulikata jina kuwa Mac na Kinnon, kisha kumtafuta babu aitwaye Kinnon. Hutampata. Kwa Kigaeli jina ni *MacFhionghuin*. Baada ya *mac*, konsonanti ya kwanza ya jina la baba mara nyingi hulainika. D huwa *dh*, ambayo katika MacDhòmhnaill hutamkwa karibu kabisa na gh yetu ya "ghali". F huwa *fh*, na hiyo haitamkwi hata kidogo. F ikishamezwa, c ya Mac inagusana na irabu. Karani anasikia "makinon", anaandika k. K hiyo basi ni mkia wa Mac. Babu ni Fionghuin, jina linalofasiriwa "aliyezaliwa mweupe". *Fionn* ni weupe.

Mtego huohuo uko katika Mackay, jina la Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878. Ni *MacAoidh*, mwana wa Aodh, na Aodh asili yake ni moto.

Majina ya kazi na vyeo ni rahisi zaidi ukijua kwamba katikati hukaa *an*, yaani "the" ya Kigaeli. McIntyre ni *Mac an t-Saoir*, mwana wa seremala: s imenyamaza, t imebaki. MacTaggart ni mwana wa kasisi. Macnab ni mwana wa abati, yaani mkuu wa monasteri. Gilchrist halina Mac, lakini msomaji wa pwani atalielewa upesi, maana *gille* ni mtumishi, na Gilchrist ni mtumishi wa Kristo, muundo uleule wa majina yetu yanayoanza na Abdul.

Angalieni pia z. Menzies hutamkwa karibu na "mingis", kwa sababu herufi ya zamani yogh (ȝ) haikuwamo katika seti za wachapaji, wakaweka z iliyofanana nayo kwa umbo. Z ya Mackenzie ilitoka hukohuko, ila siku hizi watu wanaitamka.

Si kila jina la Uskoti ni la Kigaeli. Kirk, la John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, ni "kanisa" katika lugha ya nyanda za chini za Uskoti. Bruce lilitoka Brix, kule Normandy, Ufaransa.

Maana ya jina isichukuliwe kuwa ushahidi wa ukoo. Campbell ni *cam beul*, mdomo uliopinda, lakini si kila Campbell ana damu ya huyo mwenye mdomo. Mwaka 1603 jina MacGregor lilipigwa marufuku. Zuio likaondolewa 1661, likarudishwa 1693, likafutwa kabisa 1774. Waliobanwa walichukua majina ya wengine. Rob Roy MacGregor mwenyewe, yule mhalifu mashuhuri wa Uskoti, alitumia Campbell. Anayefuatilia nasaba aanze na vyeti vya serikali, vilivyoanza tarehe 1 Januari 1855, arudi nyuma kwenye vitabu vya parokia, na akifika karne ya 18 katika maeneo ya MacGregor, atafute pia Campbell, Grant, Murray na Drummond.