Kadi ya kliniki ya Tanga haikutosha

Barua ya shule ilikaa juu ya friji wiki tatu. Mwanangu alikuwa anaingia darasa la saba hapa Minnesota, wakataka achanjwe Tdap kwanza, yaani chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro. Nikaona hawa wamezidi makaratasi. Kadi yake ya kliniki ninayo: Penta, ile chanjo ya utotoni yenye kinga ya kifaduro ndani yake, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mihuri yote ipo. Nikasema huyu kashamaliza.

Ilianza kama mafua tu. Wiki ya pili usiku ukawa mgumu: anakohoa mfululizo, hapati hata upenyo wa kuvuta pumzi, mwisho anatapika. Mchana yu mzima kabisa, anacheza mpira. Nikampa asali na tangawizi. Mama yangu ndiye aliyeujua ugonjwa, tena kwa simu, yuko Tanga. "Nani huyo anakohoa hapo nyuma? Mwanangu, hicho kifaduro." Nikacheka. Kifaduro kwa kijana mrefu kunishinda mimi?

Wakampima kwa kijiti cha puani. Bibi yuko sahihi. Kinga ya zile sindano za utotoni hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana hapa Marekani wanarudia mtoto akiwa na miaka 11 au 12, kwa sindano moja hiyo ya Tdap. Alipewa antibiotiki ya azithromycin siku tano, na siku hizo haruhusiwi shule. Dawa ilizuia asiambukize wengine, ila kikohozi chenyewe kiliendelea wiki na wiki, kwa sababu tulichelewa.

Lakini kilichoninyima usingizi si yeye. Mdogo wangu tunaishi naye, na alikuwa na kichanga cha wiki tano. Dozi ya kwanza ya mtoto hapa ni miezi miwili. Na kichanga mwenye kifaduro huenda asikohoe kabisa: anaacha kupumua, anageuka rangi. Naye akaandikiwa dawa ya kinga. Bahati mdogo wangu alichanjwa Tdap akiwa na mimba ya wiki 30, kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Siku ile nilimtania, "Sindano nyingine tena?" Sijamtania tena.

Basi mama mwenzangu, kadi ya nyumbani ichukue, ipeleke kliniki, waijaze kwenye rekodi zao, halafu uliza kinachokosekana. Asiye na bima asiogope: watoto hadi miaka 18 wana mpango wa Vaccines for Children, chanjo yenyewe haina malipo. Walioko Uingereza nanyi msichanganye. Sindano ya miaka 14 huko ni ya pepopunda, dondakoo na polio, kifaduro hakimo. Huko mkazo uko kwa wajawazito, kwa hiyo ukishika mimba usiikwepe.

Mwanangu alichanjwa baadaye hata hivyo, maana kuugua hakukupi kinga ya kudumu. Mkono ulimuuma siku mbili, akalalamika kuliko alivyolalamikia kikohozi. Dada yake anatimiza 11 mwezi Machi. Miadi nimeshaweka.