Usiuze shamba kabla ya kukata rufaa ya bendi

Ndugu yangu wa Malava, umeeleza kwamba binti yako ameitwa chuo kikuu, kwamba kozi yake inagharimu shilingi 240,000 kwa mwaka na kwamba amewekwa katika bendi ya nne kati ya ngazi tano za uhitaji (ya kwanza ndiyo ya wahitaji zaidi), kisha ukauliza kama uuze nusu ekari ili aende. Nakujibu kama mtu aliyepitia hali hiyo hapa Mumias nikimlea mwana wa marehemu kaka yangu, na jibu langu ni kwamba shamba lisiguswe mpaka rufaa ya kupinga bendi hiyo isikizwe.

Zile 240,000 si deni lako. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, gharama ya kozi hugawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Kenya), na sehemu ya familia. Kwa viwango vya mwaka 2024, mwanafunzi wa bendi ya nne alipata ufadhili wa asilimia 40 na mkopo wa asilimia 30, na familia ilibaki na asilimia 30, ambayo kwenu ingekuwa shilingi 72,000. Katika bendi ya pili ufadhili ulipanda hadi asilimia 60, mkopo ulibaki asilimia 30 vilevile, nayo familia ililipa asilimia 10 tu, yaani 24,000. Zingatia jambo hilo, kwa sababu wazazi wengi huogopa kwamba wakishushiwa bendi mtoto atazidishiwa deni la karo, ilhali pengo lote la shilingi 48,000 kwa mwaka linazibwa na ufadhili. Kinachoongezeka upande wa mkopo ni pesa za matumizi, kutoka 45,000 hadi 55,000, na hizo atazihitaji. Kwa kozi ya miaka minne, tofauti ya karo pekee ni shilingi 192,000.

Bendi hutokana na majibu ya fomu iliyojazwa mtandaoni, na hapo ndipo haki za watoto wetu hupotelea. Fomu ya kijana wetu ilijazwa katika duka la kompyuta na mhudumu aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Tulipoifungua pamoja baadaye, sehemu ya baba ilisoma kwamba ni mkulima, kana kwamba yu hai, na hakuna mahali palipoonyesha kwamba kijana alisomeshwa sekondari kwa basari. Kompyuta haikuwa na njia ya kujua kwamba miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na kwamba malipo yake hayana tarehe.

Kwa rufaa tulikusanya cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu iliyotaja idadi ya watoto nyumbani na waliokuwa shuleni, na taarifa ya karo kutoka shule ya sekondari iliyoonyesha, muhula kwa muhula, kiasi kilicholipwa na basari ya eneobunge. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa barua ya chifu kila mtu anayo, lakini historia ya karo iliyopigwa mhuri na shule haitungwi kwa siku moja. Mwombe mwalimu mkuu akupe. Rufaa huwasilishwa na mwanafunzi mwenyewe kupitia akaunti yake katika tovuti ile ile aliyoombea ufadhili, na kwa kuwa muda wake huwa na mwisho, msingoje. Kijana wetu alihamishiwa bendi ya pili.

Usimsikilize anayekwambia kwamba mfumo ulifutwa na korti. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, lakini Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo. Mimi binafsi naona uchungu kwamba maskini lazima athibitishe umaskini wake kwa mihuri, katika nchi ambako mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alikuwa akilipa karo ya 16,000 tu kwa mwaka. Hata hivyo, uchungu huo usitufanye tuache kudai kilicho chetu.

Pesa taslimu zitakazokusumbua hasa ni za majuma ya kwanza, kabla mkopo haujaingia: nauli, godoro, chumba na chakula. Hizo ndizo za kufanyia harambee ya ukoo, na kama ni lazima shamba lisaidie, likodishe kwa msimu mmoja. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, iombwe pia, ingawa usiipangie matumizi kabla haijatoka. Kijana wetu alipofika chuoni tulilipa kiasi cha sehemu yetu, tukaeleza kwa maandishi kwamba rufaa inasubiriwa, naye akaruhusiwa kujisajili. Kwa hiyo binti yako asibaki nyumbani akingoja jibu.

Jambo la mwisho mweleze yeye mwenyewe: mkopo wa HELB huombwa upya kila mwaka wa masomo, na nimeona vijana waliofika mwaka wa pili wakidhani unajileta. Akimaliza atakuwa na mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na akinyamaza bila kulipa faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Aandike namba zake za HELB mahali pa kudumu, na ukipata jibu la rufaa tujulishe hapa ili wazazi wengine wa Kakamega nao wajue.