Buti moja ya lami na ya vumbi

Kaka, nimekuelewa: unatafuta buti moja ya pikipiki ya kwenda nayo Musoma kwa lami, na wikendi uingie njia za mawe kule Ukerewe, bila miguu kuungua kwa joto. Inapatikana.

Gambuti na buti za jeshi za mtumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, ziache, hata bei ikikuvutia. Pikipiki ikikulalia, kifundo ndicho kinachoumia. Buti iwe na kinga ngumu pande zote mbili za kifundo na ipande hadi katikati ya muundi. Ishike kisigino kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine, uisokote: ikisokoteka kama chapati, irudishe. Ndani tafuta alama ya EN 13634, kiwango cha Ulaya cha buti za pikipiki, na tarakimu nne. Kila moja ni 1 au 2, na 2 ndiyo kinga kubwa zaidi; ya mwisho inaonyesha soli inavyohimili kubanwa kwa upande.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, ukiwa na soksi zako za safari. Halafu panda pikipiki. Ncha isipoingia chini ya pedeli ya gia, fundi aipandishe pedeli kidogo. Kamba zinazoning'inia hapana, zinanasa.

Kuhusu kuzuia maji, kwa joto letu mimi ningechukua inayopitisha hewa. Masika utalowa tu.

Ukianguka ukashindwa kukanyaga, usijikaze wala usikimbilie kuchuliwa. Nenda hospitali ukapigwe eksirei kwanza.