Intavyuu za kazi za wazee Uingereza, mnafeli wapi

Binamu yangu anakuja Leicester mwezi wa tisa kusoma masta, kaniuliza aepuke makosa gani kwenye intavyuu za kazi za kulea wazee, maana kasikia huku wanachukua yeyote anayejua Kiingereza. Wengi mnaniuliza hilohilo inboksi kwa hiyo najibu wote kwa mpigo, atakayenuna anune.

Kwanza tuelewane. Kama uko Bongo na mtu kakwambia ana mchongo wa viza ya kulea wazee, mkimbie. Toka tarehe 22 Julai 2025 serikali ya huku imefunga kuajiri walezi wapya kutoka nje, na hata kabla ya hapo, kuanzia Machi 2024, aliyeomba viza hiyo alikuwa haruhusiwi kuja na mume wala watoto. Halafu ajensi ya huku kisheria haimtozi mtu hela ya kumtafutia kazi, sasa hiyo intavyuu ya WhatsApp ya dakika kumi na mwisho unaambiwa tuma milioni kadhaa za sponsa, jamani si mnaona wenyewe? Ninaowaongelea hapa ni walioko huku tayari na wana ruhusa ya kufanya kazi, kama wanafunzi, na mwanafunzi wa digrii ni masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, usijifanye mjanja.

Siku hizi nakaa upande wa pili wa meza. Tunakuwa mimi na menja na karatasi ya maswali, kila anayeingia anaulizwa yaleyale na kila jibu linapewa alama. Kiingereza cha kuombea maji kinatosha kabisa kwa maswali mengi. Watu wetu wanaanguka kwa majibu ambayo nyumbani yangewapa sifa mtaa mzima.

Mfano swali la mzee kaanguka chini chumbani kwake, umemkuta, unafanyaje. Mbongo haraka haraka: namwinua, nampandisha kitandani, nampa pole. Hapo umeshaharibu. Hujui kama kavunjika nyonga, na mgongo wako wewe atauuguza nani? Humnyanyui. Unabaki naye, unabonyeza kengele wenzako waje, unamwongelesha, unaangalia kama kagonga kichwa au anaumia wapi, hali ikiwa mbaya mnapiga 999, kisha unajaza fomu ya ajali. Hilo la kuandika ndio karibu wote mnalisahau, na lina alama zake.

Au unaulizwa utamsaidiaje bibi asubuhi kujiandaa. "Nitamhudumia kama mama yangu mzazi, nitamwogesha, nitamvalisha, nitamlisha, hatashika kitu." Kwetu huyo ni mtoto aliyelelewa akaleleka, huku menja anasikia mtu anayetaka kumfanya bibi wa watu kilema kabla ya siku zake. Wanataka kusikia umebisha hodi, umeomba ruhusa, umemuuliza leo anaoga au anajipangusa tu, anavaa gauni lipi, na kama uso anaweza kuosha mwenyewe unampa kitambaa unasubiri hata akikawia. Akigoma kuoga humlazimishi, unarudi baadaye, na unaandika kwamba aligoma.

Sasa hili la tatu ndio linaloniuma. Alikuja dada mmoja, mchangamfu, kafanya kazi hospitali nyumbani miaka mingi, maswali yote anayatwanga tu mpaka nikawa nimeshampa kazi kichwani kwangu. Menja akamuuliza, umemwona mwenzako anamvuta mzee mkono kwa nguvu, unafanya nini? Akasema nitamwita pembeni nimshauri taratibu, yaishe, si ana watoto wa kulisha. Menja akaweka kalamu chini, intavyuu ikaishia pale ingawa tuliendelea kuongea robo saa nyingine. Jibu wanalotaka ni kuhakikisha kwanza mzee yuko salama, unaripoti siku hiyohiyo, unaandika ulichokiona, menja akikaushia unakwenda kwa bosi wake, au halmashauri au CQC ambao ndio wakaguzi wa huduma hizi za kulea wazee. Na mzee akikwambia nina siri lakini uniahidi hutamwambia mtu, huahidi. Unamwambia kwa upole kwamba ikiwa kuna mtu anaumizwa itabidi useme.

Mengine ni madogo madogo. Acheni "sisi tulifanya, sisi tulisaidiana", anayeajiriwa ni wewe mmoja, sema wewe ulifanya nini. Ule mwaka uliokaa nyumbani usiufiche kwa kuvuta tarehe za kazi, kwenye kazi hizi sheria inamtaka mwajiri apate historia yako yote ya kazi na maelezo ya kila pengo, na kama ulikuwa unamuuguza mama mbona hilo ni la kujivunia, litaje. Ukiulizwa una swali lolote usiseme hapana asante. Uliza nani atakuwa na wewe shifti za mwanzo, na kama ni kazi ya kuzunguka majumbani uliza kama muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unalipwa, wala sio utovu wa adabu, kuna watu wako barabarani masaa kumi wanaona wamelipwa sita.

Wakikuuliza makaratasi usinune ukadhani ubaguzi, mwajiri akimwajiri asiye na ruhusa faini inafika mpaka pauni 60,000 kwa kichwa. Ile share code, yaani namba ya kumwonyesha mwajiri kwamba una ruhusa ya kufanya kazi, unaitengeneza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, bure, asikuchaji mtu.

Na wewe binamu, CV yako nimeisoma. Toa hiyo picha ya pasipoti, toa dini, toa "single", tarehe ya kuzaliwa nayo toa. Halafu mchungaji wako uliyemweka refa namba moja mshushe, weka bosi wako wa mwisho, na umwambie mapema wasije wakamwandikia imeili akaiona spamu.